Mulafi wa Baba

Siku tulipomaliza kilio cha Baba, mke wa kaka yangu Kabwe alinijia jikoni na kisahani mkononi. Juu ya kisahani kulikuwa na firigisi moja ya kuku, imekatwa msalaba, imekaangwa mpaka imeiva vizuri. Alikishika kisahani kile kwa woga, kama mtu aliyeokota pete ya mwenyewe asiyejulikana.

"Yaya," aliniuliza, kama wanavyomwita dada kwetu, "ile ya Baba tunamupa nani sasa?"

Ninyi wa umri wangu, mliokulia Lubumbashi miaka ile kampuni ya shaba ilipokuwa baba wa kila mtu, hamhitaji kuelezwa. Ila watoto wetu wanakula kuku wa friji, anayekuja hana kichwa, hana miguu, hana tumbo, na hawajui kwamba zamani kuku alikuwa na sheria zake. Firigisi ilikuwa ya baba mwenye nyumba. Mwanamke hakuila, mtoto hakuigusa. Akija mgeni wa heshima, ilihamia kwa mgeni. Mama akipika kuku halafu firigisi isionekane kwenye sahani, alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wakwe. Mimi nilijifunza kuitengeneza nikiwa mdogo, nimechuchumaa pembeni mwa Mama: unaipasua, unamwaga mahindi na changarawe, unabandua ngozi yake ya njano kwa ukucha, na harufu yake inabaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni.

Harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha nyuma. Machozi ya Baba nilikuwa nimekwisha kuyalia wiki nzima. Kilichonipata pale jikoni kilikuwa neno, neno moja tu, nami nililisikia kwa sauti yake kabisa, kutoka langoni, na kengele ya baiskeli nyuma yake. Mulafi.

Kwenye vitabu wanaandika mlafi, na maana yake wanaimaliza kwa mstari mmoja: mtu anayekula kupita kiasi. Haya. Mimi nimekaa na neno hilo maisha yangu yote, nawaambieni, waandishi wa kamusi waliangalia mdomo peke yake. Mdomo ni jambo dogo sana katika ulafi. Na mtu asiniambie eti ninajitia ujuzi, maana hilo lilikuwa jina langu.

Tulikaa Kasungami wakati huo, vyumba viwili vya udongo, paa la majani, sakafu ya ardhi tupu. Baba alifanya kazi kwenye tanuru za kuyeyushia shaba. Zamu yake tuliita poste, kama watu wote wa kampuni: wiki moja asubuhi, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Nyumbani kulikuwa na Mama, na Kabwe mkubwa wangu, na mtoto mchanga mgongoni mwa Mama, na Kambo, mama yake Baba, aliyelala kwenye mkeka katika chumba cha mbele kwa sababu ya kifua chake. Na mimi, mla bukari, yaani ugali.

Nilikula, sitaki kudanganya. Mama akitua bukari yake nyeupe, bado inatoa moshi, na sombe ya majani ya muhogo au kipande cha samaki wa chumvi, watoto wengine walimega tonge, mimi nilimega ngumi. Kabwe alilalamika kila siku. Kambo alicheka mpaka akakohoa. Na Baba, akirudi poste, hakusalimu mtu kwanza. Aliegemeza baiskeli ukutani na kuita, "We mulafi! Njoo ukule!" Nilikuja mbio, hata kama nilikuwa nimekula dakika ile ile, nikakaa kati ya magoti yake, naye akafunua sahani yake.

Sahani hiyo nayo ilikuwa na sheria. Yeyote aliyekuwa poste, chakula chake kilitengwa kwanza, kabla mtu hajanawa, kikafunikwa na sahani nyingine na kuwekwa juu ya kabati. Njaa iwe kali namna gani, hakuna aliyefunua. Hata mimi. Nilikuwa napita chini ya kabati lile mate yamenijaa mdomoni, najiambia: ile ni ya muntu wa poste. Na nilipokula na Baba sahani ile, tonge la mwisho nilimpelekea Kambo kwenye mkeka. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu vibaya aniangalie nikimaliza.

Kwa hiyo neno mulafi halikuniuma hata kidogo. Nilidhani walafi ni watu wa namna yao, kama mapacha, ambao wana majina yao na nyimbo zao tangu siku wanazaliwa. Nilimwuliza Kambo kama kuna walafi wengine mahali pengine au ni mimi peke yangu.

"Balafi?" alisema Kambo. "Yoo, mutoto! Beko bengi mu Zaire yote. Beko na ma-abakosi na magari."

"Mama, chunga kinywa," Mama alimwambia haraka, akatazama mlangoni.

Nilifurahi sana. Nilikuwa na ndugu nchi nzima, tena wenye magari na abakosi, zile suti za wakubwa wa serikali. Nilibaki nikingoja siku nitakayokutana na mmoja wao.

Msimu wa mvua wa mwaka ule ulikuwa mbaya. Maji hayakuvuja juu tu, yalipanda kutoka chini, mkeka wa Kambo ukaota ukungu. Alikohoa mpaka alishindwa kulala chali, ikabidi akae ameegemea ukuta. Baba alimpeleka kwa muuguzi, na muuguzi hakuzunguka maneno. Alimwambia kwamba kifua kile hakitavuka mvua nyingine kwenye sakafu ya namna ile. Baba alirudi akisukuma baiskeli kwa miguu, Kambo amekaa nyuma.

Dawa ilijulikana: nyumba ya kampuni kambini. Matofali, mabati, sakafu ya saruji, bomba la maji karibu. Aliyekuwa anapendekeza nani apewe ni bwana mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Shefu wa Nyumba. Baba alimwomba, akamwomba tena. Mwisho Shefu akakubali kuja kwetu siku ya Jumapili, ajionee mwenyewe hali ya Kambo.

Tulikuwa na kuku mmoja tu amebaki, yule mwekundu aliyetaga pembeni mwa mkeka wangu. Mama alimchinja alfajiri bila kumtazama usoni. Alipika na nyanya na kitunguu, akachekecha unga mara mbili ili bukari iwe laini ya wageni. Kabwe alitumwa kwa jirani yetu Mama Odia, muuza mikate ya kukaanga, akaazime viti. Kabla ya kupakua, Mama alitenga mchuzi na vipande viwili vya nyama laini, akafunika na sahani na kuweka juu ya kabati. Hiyo ilikuwa ya Kambo, aliyelala chumba cha nyuma siku hiyo ili asimkoholee mgeni.

Shefu alifika na gari la kampuni. Abakosi yake ilikuwa ya kijivu, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Baba alimnawisha mikono mwenyewe. Sisi watoto tulijificha nyuma ya pazia, na hapo lazima niseme tulichokuwa tunangoja, maana huo ndio moyo wa habari. Mgeni kwetu alipewa sahani yote. Lakini mgeni mwenye akili alijua kwamba nyuma ya pazia kuna watoto, na jikoni kuna mwanamke aliyepika na hajaonja. Alikula akashiba, akaacha. Hata bwana wa mbali kabisa aliacha kitu. Kwa hiyo Kabwe na mimi tulikwisha kugawana kwa kunong'ona: yeye mgongo, mimi shingo.

Shefu alianza na firigisi, hiyo ni haki yake. Akafuata na paja, halafu paja la pili. Baba alikuwa amechukua kipande cha bawa, akakitafuna polepole ili kisiishe. Shefu alizungumza habari za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, habari za watu wavivu, na huku mkono wake unaenda na kurudi. Mgongo ukaenda, Kabwe akanifinya. Shingo ikaenda. Aliomba bukari nyingine, Mama akaleta. Mchuzi aliufuta kwa kidole. Halafu macho yake yakapanda juu ya kabati.

"Na ile iko ya nani?" aliuliza.

Tulikuwa tunasikia Kambo anakohoa nyuma ya ukuta. "Iko… Kula tu, Shefu," alisema Baba.

Na Shefu akasimama, akaishusha sahani, akaifunua, akala.

Sasa mnione mimi nyuma ya pazia. Mtu mzima angekasirika. Kabwe alikuwa analia bila sauti. Mimi nilijawa na furaha, kwa kuwa nilikuwa nimempata! Huyu hapa, na abakosi yake na gari lake nje, kama Kambo alivyosema! Nilitoka nyuma ya pazia, nikasimama mbele yake, nikamshika goti.

"Baba Shefu," nilimwambia, "na weye iko mulafi! Miye pia niko mulafi!"

Nikangoja anikumbatie.

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la maji ya kunawa, maji yakamwagika miguuni mwake. Shefu alitoa leso, akafuta midomo, upande mmoja, halafu upande wa pili. Akacheka kidogo kwa pua.

"Nani alifundisha huyu mutoto?" aliuliza.

Shefu alinawa maji yaliyobaki, akavuta mikunjo ya suruali yake. Mlangoni aligeuka. "Sitwayen, tutaona," alisema, maana wakati ule kila mtu aliitwa hivyo, mwananchi, akaingia garini. Kambo hakuombwa kutoka chumba cha nyuma. Hakuna aliyemtazama kifua.

Sikupigwa. Ningependa ningepigwa, kwa maana fimbo inakwisha. Mama alinikalisha kwenye kinu, akasema tu, "Mutoto, mutoto." Baba alichukua baiskeli akaondoka. Wiki iliyofuata habari ikatufikia kwamba nyumba imepewa mtu mwingine. Mama Odia alikuja kuchukua viti vyake, akasema hapo hapo mbele yangu, "Kinywa ya huyu mutoto imekula nyumba nzima." Hakuwa na ubaya, alisema alichokiona. Lakini maneno yale niliyameza na hayakushuka.

Na kuanzia siku ile Baba hakuniita tena. Alirudi poste, akaegemeza baiskeli, akasema "Mujambo" kwa wote kwa pamoja, akala peke yake. Siku moja Kabwe alilisema neno lile kwa utani, Mama akamzaba kofi. Likafukuzwa nyumbani kwetu kabisa. Mtu mwingine angefurahi kuondolewa jina kama hilo. Mimi nilijiona sina jina.

Nilifikiri Baba ananichukia. Nilifikiri nimemwua Kambo, ila bado hajafa. Ndivyo mtoto anavyofikiri, na hakuna aliyejua nafikiri hivyo, kwa kuwa sikumwambia mtu.

Aliyevunja ukimya ni Mama. Jioni moja Baba alikaa kizingitini, mikono mitupu imening'inia kati ya magoti. Mvua zilikuwa zimekwisha, baridi imeanza. Mama alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akasimama mbele yake.

"Bon," alisema. "Nyumba ya kampuni imeenda. Tutajenga yetu."

"Na nini?" Baba aliuliza.

"Na mikono. Kile kiwanja ya Ruashi, ya ndugu yako alikupa, iko inafanya nini?"

"Kile kiwanja iko kichuguu tupu."

"Voilà," alisema Mama. "Kichuguu njo matofali."

Mnavijua vichuguu vya kwetu. Hiki kilikuwa kirefu kupita nyumba, kimeota miti juu yake, na ndiyo maana hakuna aliyekitaka kiwanja kile. Mchwa walikuwa wamekusanya udongo laini pale tangu kabla ya babu zetu, nasi tukakiingilia kwa sululu. Kila saa ambayo Baba hakuwa poste, alikuwa Ruashi. Jumamosi tulifanya salongo ya serikali asubuhi, tukafyeka barabara na kuimba, halafu tukaenda kufanya ya kwetu bila kuimba. Kabwe alibomoa. Mama alichota maji mtoni. Baba alijaza udongo kwenye kalibu ya mbao, akakung'uta, akainua, tofali likabaki chini linang'aa. Kambo alikataa kuachwa. Alibebwa nyuma ya baiskeli, akakaa juani kwenye gunia, akakata majani ya kufunikia matofali yasipasuke. Alisema jua la Ruashi linamkausha mapafu bure, bila muuguzi.

Kazi yangu ilikuwa kukanyaga udongo. Ee, nilikanyaga! Baridi ya asubuhi ile inauma miguu mpaka mifupa, na mimi nilipanda na kushuka ndani ya lile tope tangu jua linatoka. Nilijiambia kama kinywa changu kimekula nyumba, miguu yangu itaitapika. Hakuna aliyenishurutisha. Mama aliniambia pumzika, nikakataa. Vidole vilipasuka, nikapaka mafuta ya mawese usiku, asubuhi nikarudi.

Na nikaacha kula. Hilo nililiamua peke yangu pia. Ulafi ulikuwa ugonjwa wangu, basi nitaunyima chakula mpaka ufe. Nilimega tonge moja dogo, nikajifanya natafuna sana, nikasukuma sahani kwa Kabwe. Kabwe, maskini, hakuuliza maswali.

Kambo ndiye aliyeona. Mchana mmoja wengine walikuwa mtoni, aliniita kwenye gunia lake. Alikuwa na bukari baridi na mbogamboga za lengalenga ndani ya sufuria ndogo.

"Kula."

"Nimeshiba, Kambo."

"Weye? Umeshiba?" Alinishika mkono wangu, akauzungusha kwa vidole viwili. "Huu mukono iko wapi? Nani alikuambia usikule?"

Nikalia. Nikamwambia yote, kwa mkupuo, na kamasi juu: kwamba mimi ni mlafi, kwamba Baba amenichukia, kwamba nyumba niliila mimi, na kwamba atakufa kwa ajili yangu.

Kambo aliniacha mpaka nikaishiwa. Halafu alinipangusa pua kwa kitenge chake.

"Sikia, mutoto wangu. Weye unakulaga mingi. Ile iko tumbo. Tumbo ya mutoto inajenga muntu. Mulafi, mulafi wa kweli, ni ule mwenye anakula ni kama nyuma yake hakuna muntu. Anaweza kukula tonge moja tu, na bado iko mulafi, kama ile tonge ilikuwa ya mwenye eko ku poste. Weye, ile tonge ya mwisho ulikuwa unamuletea nani?"

"Weye, Kambo."

"Ehee. Sasa mulafi gani ule?"

Niliwaza. Kichwa changu kilikuwa kizito kwa njaa. "Basi Shefu, ye njo mulafi?"

Kambo alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikampiga mgongoni, akaendelea kucheka ndani ya kikohozi. "Ule? Ule ni kamili! Hajabakisha kitu!"

"Basi nilisema kweli."

"Ulisema kweli yote. Kitu moja tu. Ile neno, mu nyumba, tunaisemaga na kucheka, juu tunapendana. Inje, muntu mukubwa hamumwambiage. Unamuona tu, unajua, unafunga sahani yako ku sanduku." Akanisogezea sufuria. "Kula. Udongo iko inakungoja."

Nikala. Sijawahi kula lengalenga tamu namna ile, wala sitakula tena. Na tonge la mwisho nilimnyooshea, akalipokea, akatafuna akiangalia kichuguu chetu, ambacho sasa kilikuwa kimefika kiuno cha Kabwe.

Matofali yalipangwa tanuru, yakachomwa kwa magogo ya miti iliyoota juu ya kichuguu kile kile. Mama Odia, ambaye alikuwa amesema yale, alikuja siku ile na beseni la mikate yake, akakaa na Mama kuchochea moto mpaka jioni. Kuta zilipanda. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mgodi kila mchana, na sisi hatukuwa na paa. Baba aliitazama anga siku mbili tatu, siku nyingine akaondoka na baiskeli asubuhi na kurudi kwa miguu, na nyuma yake kijana anasukuma mkokoteni wa mabati. Baiskeli haikurudi tena. Tangu siku hiyo alikwenda kwenye tanuru za shaba kwa miguu kutoka Ruashi, mji mzima katikati, na kurudi kwa miguu. Alifanya hivyo miaka.

Mvua ya kwanza ilinyesha tumekwisha kuhamia. Sakafu ilikuwa bado mbichi sehemu moja, dirisha lilikuwa gunia. Lakini tulikaa chini ya mabati yanayopiga kelele, tukamtazama Kambo. Alikuwa amelala kitandani, juu, pakavu, kwenye chumba chake mwenyewe. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Mama alijifunika uso kwa kitenge akalia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza.

Jumapili iliyofuata Mama alipika kuku. Kuku wa nani, alitoka wapi, sikuuliza. Alimwekea Baba sahani mbele yake, firigisi juu kabisa, imekatwa msalaba. Mimi nilikuwa nimekaa mbali, karibu na mlango, mahali nilipojizoesha kukaa. Baba aliitazama ile firigisi. Hakuigusa.

"Ile nyumba ya kambi," alisema, "Shefu alikuwa alikwisha kuipatia muntu mwingine kabla ya kuja kwetu. Muntu wa poste yangu aliniambia kesho yake. Alikuja kukula kuku tu."

Mama aliweka mwiko chini. "Ulijua? Wakati yote hii? Na mutoto anabeba ile?"

"Nilisikia aibu," alisema Baba. "Miye mwenyewe nilimupa sahani ya mama yangu. Miye. Sikuweza kuisema." Alinitazama, na ndipo nilipoona kwamba macho yale hayakuwahi kunichukia hata siku moja. "Na ile neno, kila saa nilitaka kukuita, nilikuwa namuona yee, anafunua sahani. Sikutaka kukuita na jina yake. Alikula kuku yetu, alikula ya Mama, akakula na neno yetu." Akachukua firigisi kwa vidole viwili, akainyoosha juu ya sahani, kuelekea mlangoni. "Leo minairudisha. We mulafi! Njoo ukule!"

Kabwe alishika pumzi. Mtoto wa kike, firigisi! Kambo alipiga kigelegele kutoka chumbani kwake, kirefu, bila kukohoa. Mimi nilivuka sakafu ile ya saruji kwa miguu iliyokanyaga udongo wa kuta zake, nikakaa kati ya magoti ya Baba, nikala.

Nusu. Nusu nyingine nilimpelekea Kambo, ambaye alikula mvua nyingi baada ya ile.

Kwa hiyo, mke wa kaka yangu aliposimama mbele yangu na kisahani chake, nilijua jibu. Nilimwuliza kwanza kile Kabwe alichosema.

"Alisema, ya Baba iko ya Yaya," alinijibu kwa aibu kidogo, kwa kuwa alitoka kwenye familia inayofuata sheria. "Alisema Yaya njo mulafi wa Baba. Mimi sikuelewa, njo maana nikakuuliza. Nilifikiri anakutukana."

Nilicheka mpaka akaogopa. Nikachukua kisu, nikaigawa firigisi, nikala nusu yangu nimesimama pale pale jikoni, chini ya mabati ya baiskeli ya Baba. Nusu ya pili nikairudisha kwenye kisahani, nikaifunika na sahani nyingine, nikaiweka juu ya kabati, kwa sababu Kabwe alikuwa bado poste.